Wa Ndani Hajaja

Filomena alikuwa na binti wa kuozwa na hakuwa na kaka wa kumwoza. Si kwamba kaka hakuzaliwa. Alizaliwa, jina lake Kondo, tumbo moja, ziwa moja, na alikuwa hai mzima pale mjini Morogoro akipiga gitaa katika bendi ya dansi. Ila kwa dada yake alikuwa kama jino lililong'oka: nafasi yake ipo, ulimi unaipapasa kila siku, mwenyewe hayupo.

Na kwa Waluguru jambo hilo si dogo. Kule milimani ukoo unafuata mama. Baba wa binti akiwepo atakaa kitini, atakunywa, atasifiwa, lakini neno la "tumeridhia" linatoka kinywani mwa mjomba. Mjomba asipopatikana, washenga hurudi walikotoka. Filomena alikuwa mjane, basi hata huyo wa kukaa kitini hakuwa naye.

Washenga walikwisha kuja mara ya kwanza. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ignas wa ng'ambo ya bonde, mtu mwenye desturi ya kukohoa kabla ya kusema neno zito, hata watu wakajifunza kukiogopa kikohozi chake.

"Mama Angelina," alisema siku ile, "binti tumemwona, na kijana wetu mnamjua. Mjomba tutamwona lini?"

"Yuko safarini."

Mzee Ignas akakohoa. "Safari gani hiyo? Tunamsikia redioni kila wiki anatupigia gitaa."

Wenzake wakachekea ndani ya vikombe.

"Tutarudi njegere zikishavunwa," akaendelea. "Na msituletee mjomba wa kuazima, mama. Wa kuazima tunamjua. Anakubali upesi mno."

Wakaondoka, Filomena akabaki anaosha vikombe vilivyokwisha takata.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama yao alipougua, Kondo alikuwa Tabora na bendi yake. Filomena akatuma ujumbe. Mama akafa, akazikwa, matanga yakaanuliwa, Kondo hajatokea. Kisha jioni moja ya masika, mvua inapiga mabati kama mtu anayemwaga mbaazi, akafika. Akabisha hodi. Filomena alikuwa ndani anamenya viazi. Aliijua sauti. Akainuka, mkono ukafika kwenye komeo, na ukabaki hapo hapo. Kondo hakubisha tena. Asubuhi palikuwa na kanga mbili na sukari kizingitini, sukari imeyeyuka yote.

Kanga akazifungia sandukuni. Watu walipouliza, akasema kaka yake hakuja kabisa. Alilisema hilo kwa jirani, akalisema kwa padre, akalisema kwa binti yake Angelina, ambaye jioni ile alikuwa shuleni kwa masista. Na neno ukilisema sana hupata miguu. Kijiji kizima kikajua kwamba Kondo ni mtu aliyemtupa mama yake kwa ajili ya dansi.

Sasa ukaja wimbo.

Ulikuwa mwaka ule wa Kilimo cha Kufa na Kupona, watu wote wanashinda shamba la kijiji, na wanawake wakirudi na majembe begani hupitia duka la ushirika kuuliza kama sukari imeletwa. Duka lilishikwa na Salehe, mtu wa Kilosa, mpole, ila kwa habari ya redio alikuwa mchoyo kama fisi na mfupa. Redio ilikuwa ya kijiji, betri za kijiji, na Salehe ndiye aliyezilinda.

"Betri hizi ni za taarifa ya habari," alisema. "Dansi mtacheza mbinguni."

"Salehe, acha wimbo mmoja tu," akasema Scholastika, jirani yake Filomena, ambaye siku hiyo alikuwa naye dukani. "Kwani tukisikia wimbo ujamaa utaanguka?"

Salehe akaacha. Gitaa likaanza, taratibu, kama mtu anayeshuka mlima na mzigo. Kisha sauti ya mwanamume:

*Nilibisha hodi, ukanyamaza,*
*nikaita jina, ukanyamaza,*
*paa ni lako, mvua ni yangu,*
*ee wa tumbo moja, nimekosa nini?*

Wimbo ulipokwisha Salehe akazima redio, lakini hakurudi kwenye mizani yake. Alisimama ameshika kitambaa.

"Huyu kaniimba mimi," alisema. "Baba alipokufa, ndugu zangu waligawana minazi na mimi nimesimama uani kama mpita njia. Nani kampa habari hizi?"

"Wewe nani akuimbe?" Scholastika akamkata. "Huo ni wangu mimi na mawifi zangu. Niliposhuka kule kwao na mtoto mgonjwa mgongoni, walifungua? Hawakufungua. Na mvua ilikuwepo."

Balozi wa nyumba kumi, aliyekuja kununua kiberiti, akasema kwa upole kwamba yeye hapendi kuongea mambo ya ndani, lakini mke wake mkubwa alimfanyia hivyo hivyo. Mama mmoja akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kila mtu akaleta mlango wake, na kila mlango ulikuwa umemfungia yeye nje.

Angelina alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na hawa wote walikuwa wanafunzi wake, basi hakuwaogopa.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nyumba imefungwa kwa ndani, na wenyewe wote wako nje."

"Yai," akasema Scholastika.

"Siyo."

"Kaburi," akasema balozi.

"Siyo."

"Basi twakupa mji. Chukua Morogoro."

"Nimekwenda Morogoro, nimekula wali, nimecheza dansi, nimerudi," Angelina akajibu kama desturi, "na jibu sina. Nimewategea tu kwa sababu nashangaa. Kijiji kizima kimesimama mvuani. Huko ndani yuko nani?"

"Kitendawili kisicho na jibu ni matusi, mwalimu," Scholastika alisema, na watu wakacheka.

Filomena hakucheka. Alichukua jembe lake akatoka. Moyoni alikuwa anawaka. Mvua ile, hodi ile, tumbo moja, nani angejua isipokuwa Kondo? Kaka yake alikuwa amempeleka redioni. Leo watu wanalia kila mtu na wake, lakini kesho Mzee Ignas atakaa chini, atakohoa, ataunganisha gitaa na mpigaji wake, na atajua kwamba Kondo alikuja na aliyefunga ni nani. Binti wa mama mwongo ataolewa na nani?

Akaamua kushuka mjini amfunge kaka yake mdomo.

Alimwambia Angelina anakwenda kutafuta kitambaa cha harusi. Akapanda lori la kabichi, akakaa juu kabisa pamoja na wachuuzi, kanga ameifunga kidevuni. Barabara ya kutoka Mgeta huyumba ukingoni kiasi cha mtu kuona mapaa ya watu chini ya miguu yake, na njia nzima Filomena alikuwa anapanga maneno. Walipopita Mlali alikuwa na maneno mengi. Walipopita Mzumbe aliyapunguza yakabaki makali tu.

Ukumbi wa bendi haukuwa mgumu kuuona, ulisikika. Ilikuwa mchana, wanafanya mazoezi, milango wazi, mtu anafagia vizibo vya chupa. Kondo alikuwa jukwaani na gitaa la besi. Amekonda, na nywele zimeanza kumkimbia. Alipomwona, vidole vyake vikaacha kazi na wimbo mzima ukachechemea.

Akateremka. "Shikamoo, dada."

"Shikamoo yako nitaiitikia baadaye. Utoe wimbo wangu redioni."

"Wimbo gani?"

"Usinifanye mtoto, Kondo. Paa lako, mvua yangu."

Kondo alimtazama. Kisha akageuka nyuma akaita, "Rehani, njoo. Na huyu amekuja."

Wanamuziki wengine wakacheka, si kwa ubaya. Rehani, mwimbaji, alikuwa mtu mfupi aliyekaa juu ya spika anakula mhogo wa kuchoma. Akajipangusa mikono, akamwamkia Filomena kwa adabu.

"Mama, wimbo ni wangu mimi. Kaka yako anapiga besi tu, hata maneno hayajui vizuri."

"Nani kakupa habari za nyumba yangu?"

"Hilo ndilo wanaloniuliza wote. Amekuja karani wa reli. Amekuja polisi, na sare zake, nikadhani nakamatwa. Amekuja mke wa mwalimu kutoka Mzumbe, amekuja mzee wa msikitini, katekista naye kaja kwa mlango wa nyuma asionekane. Wote wananiuliza nani kanipa habari zao. Na wote, mama, waliachwa nje. Wanakaa hapo ulipo wananieleza mvua ilivyowanyea." Akamega mhogo. "Wa ndani hajaja hata mmoja."

Filomena akalihamishia kapu lake mkono wa pili.

"Na huyo ndiye niliyemtaka aje," Rehani akaendelea, kama mtu anayeeleza bei ya viatu. "Maana mimi nilikuwa ndani. Nilimfungia mdogo wangu. Umeusikia upande wa pili?"

"Upande gani?"

"Santuri ni ndogo, wimbo ni mrefu. Tukaukata. Nusu upande huu, nusu ule. Redioni muda mfupi, wanapiga upande wa kwanza tu. Nchi nzima inaujua wimbo wangu nusu."

Akaenda kwenye kipaza sauti bila kungoja aombwe. Kondo naye akapanda, akashika besi, uso ameuelekeza ukutani. Filomena akakaa juu ya kreti la soda, kapu lake mapajani.

*Nilisikia hodi, nikanyamaza,*
*mkono komeoni, nikanyamaza,*
*nasema moyoni, bisha tena,*
*ukibisha tena nitafungua.*
*Hukubisha tena, nami sikuita.*
*Paa ni langu, na mvua ni yangu.*

Filomena alikuwa amesoma hadi darasa la nne na katekisimu yote. Alizijua dhambi kwa majina yake: wivu, uchoyo, hasira, uvivu. Kila Kwaresima alizipanga mbele ya padre kama vyombo juu ya uchaga, na alitoka amesamehewa. Hii ya kushika komeo na kungoja ubembelezwe haikuwa na jina. Hakuna aliyewahi kumwuliza, basi hakuwahi kuijibu. Alijiambia alikuwa na hasira jioni ile. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja. Alitaka hodi ya pili, na ya tatu, alitaka kaka yake alie kidogo pale mvuani ndipo afungue, ampe nguo kavu, ampikie. Viazi vilikuwa tayari vimemenywa. Na kwa kuwa hodi ya pili haikuja, akatoka nje pamoja na watu wote, akasimama mvuani na kusema ametupwa. Sasa yote hayo anaambiwa na mtu mwenye mhogo kwenye meno, ndani ya ukumbi unaonuka bia.

Gitaa liliponyamaza alisema, "Basi amekuja."

"Nani?" akauliza Rehani.

"Wa ndani."

Rehani akainamisha kichwa, kama mtu aliyelipwa shukrani.

Walikwenda kukaa kwa mama muuza chai, yeye na Kondo, nyuma ya ukumbi. Chai ikaletwa, ikapoa.

"Uliniona?" Kondo akauliza.

"Nilikusikia."

"Nilibisha mara moja."

"Mara moja."

"Na polepole, dada. Hukuona jinsi nilivyobisha. Kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto." Akazungusha kikombe. "Nilipoona kimya, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilijua ukifungua utanishika mkono unipeleke kaburini. Nilishuka mlima ule mvua yote ile nakimbia. Halafu nikafika hapa nikawaambia wenzangu dada yangu kanifukuza. Wakanionea huruma, wakaninunulia bia."

"Nami walinionea huruma," Filomena alisema.

Mama muuza chai akawauliza kama wanataka maandazi. Wakasema hapana, kisha wakasema ndiyo.

"Angelina anaolewa," Filomena akasema. "Washenga wanataka mjomba."

"Ndiyo uliyojia?"

"Nilijia kukufunga mdomo. Hili linafuata."

"Na huko juu watu umewaambiaje kuhusu mimi?"

"Kwamba hukuja kabisa."

Kondo akala nusu ya andazi. "Basi nitakuja kama mtu ambaye hakuja," alisema. "Wanitukane kidogo, waridhike, mtoto aolewe. Wewe usiseme kitu. Ukisema utaharibu."

"Marahaba," Filomena alijibu, maana ile ya ukumbini alikuwa hajaiitikia.

Njegere zikavunwa, washenga wakarudi. Kondo alikuwa amefika siku ile ile asubuhi kwa lori lililokuja kuchukua mboga, na kabla ya kunywa maji dada yake alimpeleka kaburini. Walikaa huko kwa muda. Kondo aliporudi alikuwa na udongo magotini na hakuupangusa. Angelina alimwamkia mjomba wake "shikamoo" iliyokauka kama kuni, akaenda zake jikoni. Hakumchukia. Alikuwa amefundishwa hivyo.

Watu wakakaa. Pombe ikatolewa, Salehe na wenziwe wasiokunywa wakapewa togwa. Scholastika alisimamia vyungu, karibu na mlango, mahali ambapo neno lolote lisingempita.

Mzee Ignas akakohoa.

"Tumemwona mjomba, tunashukuru. Lakini mimi ni mzee, sina aibu. Mjomba ndiye nguzo. Mtoto wetu na mke wake wakigombana, tutakuja kwake. Sasa mjomba ambaye mama yake mzazi alizikwa naye anapiga dansi, hata matanga hakuyaona, hata baadaye hakuja, huyo nikimwitia shida ya mpwa atakuja?"

Kondo alitazama mikono yake. "Ni kweli, mzee," alisema. "Lawama hiyo ni yangu. Naomba radhi mbele yenu."

Ilikuwa imekwisha. Mzee Ignas alikwisha tikisa kichwa, tayari kupokea radhi. Mambo yangekwenda yakaisha salama, na Filomena alilijua hilo. Alimtazama kaka yake aliyeinama, akaona kwamba anamfungia tena, safari hii mbele ya watu, na yeye Kondo tena habishi.

"Alikuja," akasema.

Watu wakageuka.

"Hakuwahi maziko, hilo ni kweli. Baada ya matanga alikuja, na mvua, akabisha hodi. Nilikuwa ndani. Nilimsikia na sikumfungulia. Ninyi wote nimewaambia hakuja. Nimesema uongo, na padre nitamwambia mwenyewe."

Mwiko ukatulia kwenye chungu. Salehe alikuwa anatazama togwa lake kana kwamba lina maandishi. Hakuna aliyemzomea. Filomena aliwatazama mmoja mmoja akaona jambo ambalo hakulitegemea: kila mtu alikuwa amekwenda mbali kidogo, kwenye nyumba yake, na wengine hawakuonekana kupenda walichokikuta huko.

Mzee Ignas akakohoa, tena kwa muda mrefu. Akainamiana na wenzake. Kisha akasema, "Mama Angelina, nikuulize bila kukuudhi. Tabia hii ya komeo, binti naye umemfundisha?"

"Haifundishwi, mzee," Filomena alijibu. "Anayo. Na kijana wenu anayo. Ninyi mmwambie siku akifungiwa asishukuru kimya, abishe tena. Nami nitamwambia huyu wangu asingoje."

Mshenga mmoja kijana akataka kucheka, akaona mkubwa wake hacheki, akaacha.

"Maneno hayo," alisema Mzee Ignas, "mjomba wa kuazima asingeyaleta ndani ya nyumba." Akamgeukia Kondo. "Haya, mjomba. Tunabisha sisi sasa. Mnasemaje?"

Kondo alifuta uso kwa kiganja, udongo ukabaki kwenye shavu. "Tumeridhia," alisema, na vigelegele vya Scholastika vikafika ng'ambo ya bonde.

Baadaye Filomena aliingia jikoni. Angelina alikuwa amekaa kwenye kigoda na mgongo umeelekea mlangoni.

"Miaka yote hii, mama," alisema bila kugeuka. "Mtu nimemchukia bure."

Filomena alisimama. Alitaka kungoja, binti apoe kwanza, aje mwenyewe. Kisha akavuta kigoda cha pili akakaa karibu naye, goti kwa goti.

"Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nje," alisema.

Angelina alichukua ungo wa njegere akauweka katikati yao, na wote wawili wakaanza kuzipua maganda, maana wageni walikuwa bado hawajala.